Nyimbo za Mama Rimei kwa Sauti na Piano

Usiku ule nililala na viatu miguuni. Sikukusudia. Nilikaa ukingoni mwa kitanda nivue, nikaona kwanza nipumzishe mgongo kidogo, na usingizi ukanichukua hapo hapo, taa inawaka, miguu inaning'inia.

Naomba nianze na uchovu, kwa sababu bila huo sidhani kama ndoto yenyewe ingekuja.

Mimi ni mwalimu wa muziki Lushoto. Nafundisha piano, naongoza kwaya ya parokia, na nyumbani namuuguza mume wangu, Severini, ambaye kiharusi kilimwangusha akiwa anafunga geti. Tangu siku hiyo hawezi kujigeuza mwenyewe. Namwogesha, namlisha, namgeuza upande huu na upande ule ili ngozi isichubuke. Ni mtu mkubwa, Severini. Nikimaliza kumgeuza, vifundo vya mikono vinawaka, na mikono hiyo hiyo ndiyo nakwenda kuiweka juu ya piano.

Aliyenifundisha piano alikuwa Mama Rimei; Rimei ni jina lake mwenyewe. Alitoka Katalunya, ng'ambo, kwa watu wanaosema Kikatalani. Huku kwetu wengi walidhani ni Kihispania kilichoharibika, na ukimwambia hivyo masikio yake yalikuwa yanageuka mekundu kwa hasira. Aliolewa na Mzee Hiza, afisa kilimo, akaja naye milimani, akazoea baridi yetu na matope yetu, akajua Kisambaa cha sokoni kuliko mimi niliyezaliwa Kilosa. Mimi nilikuwa mwanafunzi wake, halafu nikawa rafiki yake, na mpaka mwisho niliendelea kumwita Mwalimu.

Alikuwa akitunga mashairi kwa lugha ya kwao. Nililijua hilo miaka mingi bila kuyasikia. Mapafu yalipoanza kumshinda, aliniita kitandani, akanipa karatasi zake, akanieleza shairi moja moja kwa Kiswahili, akaniomba niyatie muziki. Alitaka sauti moja na piano, basi.

"Sitaki kwaya," alisema. "Kwaya itanizika mara ya pili."

Nikamwomba anisomee kwa Kikatalani, nisikie mwendo wake. Alitikisa kichwa.

"Nikisoma nitalia, nikilia nitakohoa. Acha."

Tukaacha. Akafariki kabla sijaandika hata noti moja.

Wa kuziimba nyimbo hizo alikuwa Neema, mtoto wake wa pekee, anayeishi Dar es Salaam. Neema ana sauti nzito, tulivu, ya kukufanya uweke chini ulichokishika. Alikuwa anajiandaa kwenda Katalunya, kijijini kwao mama yake, kwa mama mkubwa ambaye hajawahi kumwona. Mama mkubwa huyo amezeeka, hatoki tena nje, na aliomba kitu kimoja tu: asikie mashairi ya mdogo wake yakiimbwa na mtoto wa mdogo wake.

Shida ni kwamba Neema hajui Kikatalani. Mama yake hakumfundisha, na hilo lilimkaa kooni kuliko hata kifo chenyewe. Siku ya matanga, tukiwa tunaosha vyombo, Neema, ambaye huniita mama mdogo, aliniambia, "Mama mdogo, ameniachia nyumba, ameniachia picha na sufuria. Lugha yake ameondoka nayo. Kwa nini alinificha?" Nilimpa kikombe akifute.

Basi nikaanza kazi. Nitaeleza ugumu wake kwa ufupi. Kiswahili chetu ni kipole kwa mtunzi. Mkazo uko pale pale, silabi ya pili kutoka mwisho, na mkono unajua pa kuuweka hata ukiwa umefumba macho. Kikatalani kinakwenda kinavyotaka. Shairi lile la kwanza linaanza hivi: *La boira ha entrat sense trucar.* Maana yake, ukungu umeingia bila kupiga hodi. Neno la mwisho hutamkwa "truká," ile r inamezwa, na uzito wote unakaa mwishoni kabisa. Mkono wangu, kwa mazoea, uliuweka mwanzoni mwa neno. Neema akaimba hivyo, na jirani wa mama mkubwa, tuliyemtumia wimbo kwa simu, akatujibu kwa upole kwamba samahani, hajaelewa hata neno moja.

Nikafuta, nikaandika upya. Yule jirani akatusomea mashairi yote, akatutumia sauti yake. Nikafuatisha kila mkazo. Ile silabi ya mwisho nikaipandisha juu, nikaipa nguvu, piano nayo ikaja chini yake kwa mikono miwili ili pasiwe na mtu wa kuuliza uzito uko wapi. Jirani akasema sasa sawa, kila neno linasikika. Na kweli wimbo ulikuwa sahihi. Ulikuwa sahihi kama maiti aliyevishwa suti.

Nilibadilisha ufunguo. Nikapunguza mwendo. Nikauongeza. Piano yangu ni ya zamani, na unyevu wa Lushoto umeingia tumboni mwake, kwa hiyo wakati mwingine nililaumu piano. Siku zikasogea. Severini akapata kikohozi, nikawa simalizi ukurasa bila kuitwa.

Jioni ya siku ile niliyolala na viatu, Neema alipiga simu. Alikuwa amefanya mazoezi na alikuwa karibu kulia.

"Mama mdogo, nayatamka kama mtu anayesoma maandishi ya kwenye chupa ya dawa. Najua maana kwa sababu umenieleza. Lakini hayapiti hapa." Najua alikuwa amejigusa kifua, ingawa sikumwona.

"Tutajaribu tena kesho," nikasema.

"Kila siku unasema kesho. Na sauti yako imechoka. Umekula?"

Sikuwa nimekula. Nilipokata simu niliamua kwamba asubuhi nitampigia nimwambie atafute mtu mwingine, mtu wa mjini, mwenye piano nzima na usiku mzima wa kulala. Sikuona uchungu wowote nilipoamua hivyo. Hilo ndilo lililonitisha kidogo. Nikamgeuza Severini, nikamfunika, nikaja kukaa ukingoni mwa kitanda changu.

Kwanza nilisikia mtu akivuta shuka.

Nilidhani ni Severini. Nikainua kichwa, nikamwona Mama Rimei amesimama ng'ambo ya kitanda cha mume wangu, amevaa sweta lake la kijani lililotoboka kiwiko, mikono ameikunja mpaka juu. Sikushtuka. Nilikumbuka kwamba amefariki, lakini nililikumbuka kama unavyokumbuka kwamba mtu alikuwa safarini. Kilichonisumbua ni kwamba nyumba ilikuwa chafu na sikuwa nimepika chochote.

"Shika huko," akasema.

Nikashika ncha za shuka upande wangu, naye akashika za kwake. Tukainua. Severini akageuka kama mtoto mchanga anavyogeuka, bila kuguna, akaendelea kulala. Uzito haukuwepo. Nikasimama na lile shuka mkononi, na machozi yakaanza kunitoka, si ya huzuni, ni ya mwili tu, kama jasho. Muda mrefu sana hakuna mtu aliyewahi kushika upande wa pili.

"Pole, mwanangu," akasema Mama Rimei. "Pole na kazi."

Na sasa tunakunja shuka. Hatuko chumbani tena, tuko uani kwake, kwenye kamba za nguo, na asubuhi ni nyeupe kwa ukungu hata sioni jiko. Tunakunja kama wanawake wanavyokunja, tunakaribiana, tunaachana, tunakaribiana. Kila akinikaribia nasikia harufu yake ya sabuni ya mche na ile dawa ya kifua aliyokuwa akijipaka. Shuka haliishi. Kadiri tunavyolikunja linazidi kuwa pana, na nikilitazama naona limejaa madoa meusi. Natazama vizuri. Ni noti zangu. Ni muziki wangu wote, mistari na vichwa vyake, umetapakaa kwenye shuka kama tope lililorushwa na gari.

Mama Rimei analitazama kwa muda. Hakasiriki. Anapitisha kidole juu ya ile sehemu ya mikono miwili, ile niliyoipa nguvu.

"Hivi vyote ni vya nani?"

"Ni vyako, Mwalimu. Ni nyimbo zako."

"Mimi sikuwa na vitu vingi hivi."

Akalikung'uta shuka mara moja, kwa nguvu, na noti zikaanguka kwenye nyasi bila sauti. Nilitaka kuinama niziokote. Mgongo ukakataa. Nikamwona ameshatangulia, nikamfuata.

Tunapita kwenye korido ndefu. Ni ya shule niliyosoma, lakini madirisha ni ya hospitali alikofia. Yeye yuko peku, anatembea kama msichana. Mimi miguu yangu mizito, kila hatua nainyanyua kwa mikono kama mtu anayenyanyua ndoo. Naogopa nitaachwa. Namwita.

"Mwalimu, wewe huchoki?"

Anasimama. Ananisubiri nifike. Ananitazama kama alivyokuwa akinitazama nilipokuwa mdogo, nikikosea mahali pale pale kila wiki.

"Huku hatuchoki," anasema. "Ndiyo maana hatuimbi."

Akasukuma mlango, na nikajikuta kwenye nyumba yao ya zamani, ile ya serikali, Mzee Hiza bado akiwa hai. Namsikia yuko sebuleni na redio yake, ameipunguza sauti. Chumba ni kidogo. Sare ya shule imetundikwa kwenye msumari, kola imefuliwa mpaka imekuwa laini. Kitandani amelala mtoto wa kike, nywele zimesukwa, blanketi la mistari limemfika kidevuni. Ni Neema. Ni wa darasa la kwanza, na amelala kwa utulivu mno, kope hazichezi.

Mama Rimei anakaa chini sakafuni, mgongo ukutani. Ananionyesha nami nikae. Nakaa. Sakafu ni baridi. Ananyoosha mkono, anauweka juu ya blanketi, anasikiliza kama nyumba imelala. Halafu anasema, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, sauti ndogo, ya chini:

*"La boira ha entrat sense trucar."*

Na mkono wake ukapiga blanketi, taratibu, mara moja, pale kwenye lile neno la mwisho.

Ewe msomaji, nimefanya kazi ya muziki maisha yangu yote, na sijui kama nimewahi kusikia kitu sawasawa kama nilivyokisikia kile. Nilikuwa nimeupa ule mwisho nguvu, nimeupandisha kileleni. Yeye pale ndipo aliponong'ona zaidi. Mkazo haukuwa kelele hata kidogo. Mkazo ulikuwa ni kukawia. Alilishikilia lile neno kidogo tu, kama unavyoushikilia mlango usigonge, halafu akaliacha. Wala hapakuwa na maombolezo ndani yake. Ilikuwa sauti ya mtu anayeogopa kumwamsha mtoto, na wakati huo huo anatamani aamke.

Akaendelea na mstari wa pili, na wa tatu, na mkono unapiga blanketi, na mimi nimesahau mgongo, nimesahau kwamba ninaota. Alipomaliza, aliuacha mkono juu ya blanketi. Nikamuuliza lile swali ambalo halikuwa langu.

"Mwalimu, kwa nini hukumfundisha?"

Redio ya Mzee Hiza ilizimwa sebuleni. Nikaona anaitazama ile sare msumarini.

"Alirudi shule siku moja analia. Akaniambia, mama, ongea kama watu." Akatabasamu, tabasamu la kuchoka, ingawa alisema hawachoki. "Nikaongea kama watu. Akishalala, nikaongea kama mimi."

Nilitaka kumshika mkono. Nikaunyoosha, na umbali kati yetu ukawa mrefu, kitanda kikawa katikati, halafu ule ukungu wa uani ukawa katikati. Nilimwona akisimama, akijipangusa sketi.

"Mwambie sikumficha," akasema. "Mwambie nilimpa yote. Nilimpa akiwa amelala."

Nikauliza kwa haraka, kwa sababu nilijua anaondoka, "Na piano, Mwalimu? Piano nifanyeje?"

Jibu lake sikulisikia kwa masikio. Nilimwona tu ameinua kiganja, akikiweka hewani, na kukishusha polepole, mara moja, kama juu ya blanketi.

Nikaamka. Kulikuwa kunapambazuka. Taa ilikuwa bado inawaka, miguu imevimba, shingo imekakamaa. Severini alikuwa macho kwenye kitanda chake, ananitazama, na nilipomwendea nilimkuta amelala ubavu wa kushoto. Mimi nilikuwa nimemlaza ubavu wa kulia, nina hakika, au nilikuwa na hakika wakati huo. Huenda niliamka katikati ya usiku nikamgeuza mwenyewe bila kukumbuka. Mtu aliyechoka hufanya mengi asiyoyakumbuka. Nimeliacha hapo.

Nilimwosha uso, nikampa uji. Sikutaka kuugusa muziki kwanza, wala kuongea, maana niliogopa ile sauti itanitoka masikioni. Lakini ujumbe ni mzigo wa mwenyewe, na mimi nilikuwa mchukuzi tu. Alipomaliza kunywa, nikampigia Neema.

Alipokea haraka. Nyuma yake nilisikia birika na kelele za mtaani kwao.

"Shikamoo, mama mdogo. Kuna nini? Baba mdogo hajambo?"

"Marahaba. Hajambo. Neema, nimemwota mama yako."

Nikasikia anafunga mlango, na kelele za mtaani zikapungua.

"Amesemaje?"

Nilikuwa nimepanga maneno ya kuzunguka kidogo, ya kumtayarisha. Yote yakanipotea. Nikamwambia kama nilivyoambiwa. "Amesema hakukuficha lugha. Amesema ulirudi shule siku moja, ukamwomba aongee kama watu. Akaongea kama watu. Ukishalala, akaongea kama yeye. Amesema alikupa yote, alikupa ukiwa umelala."

Nyuma yake birika lilianza kulia, na hakuna aliyeliondoa motoni.

"Neema?"

"Nipo." Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Watoto walikuwa wanamwigiza, mama mdogo. Akija kunichukua getini wanajipanga, wanaongea kama yeye. Nilimwambia pale mlangoni, hata viatu sijavua. Alisema, haya. Hilo tu. Haya." Akavuta pumzi. "Sijawahi kumwambia mtu. Hata baba. Na miaka yote nimekuwa nikimlaumu yeye, kana kwamba mimi sikusema kitu."

"Ulikuwa mtoto, mwanangu. Naye hakuja kwa lawama. Nimemwona uso wake."

Analia sasa, polepole, na mimi nimeshikilia simu kwa mikono yote miwili kwa sababu vifundo vinauma. Sikumharakisha. Sikuwa na nguvu za kumharakisha mtu yeyote asubuhi ile.

Halafu akasema, "Lakini sikuwa nimelala."

"Unasemaje?"

"Alipokuwa anakuja. Anakaa chini, anaweka mkono kwenye blanketi. Nilikuwa najifanya nimelala, mama mdogo. Kila siku. Nilijua nikifumbua macho tu, ataacha."

Niliibana simu sikioni.

"Kwenye karatasi sikuyatambua," akaendelea. "Sikuwahi kujua kama yalikuwa maneno. Kwangu yalikuwa sauti tu, na ule mkono. Subiri. Subiri kidogo."

Nikamsikia anaketi, nadhani chini sakafuni, maana sauti yake ilishuka. Akakohoa kidogo, akatulia. Na kutoka Dar es Salaam, kwa sauti ndogo ambayo sikumfundisha, Neema akasema ule mstari wa kwanza, akafika kwenye neno la mwisho, na hakulipandisha. Akalishikilia kidogo. Akaliacha.